Kiodia ni lugha kamili au ni Kibengali cha pembeni? Jibu kwa msomaji aliyeko Muscat

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Niko Muscat, nakaa chumba kimoja na fundi bomba kutoka India, kwao panaitwa Kendrapara, jimbo la Odisha. Juzi alikuwa anaongea na simu nikamtania kwamba Kihindi chake mbona kama Kibengali cha wale jamaa wa chumba cha pili, aisee alininunia siku nzima. Jioni ndo akaniambia lugha yao ni Kiodia, ina miaka zaidi ya elfu mbili, serikali imeitambua rasmi, na zamani kuna watu walitaka kuifuta mashuleni. Ni kweli? Ni lugha kamili au lahaja? Na ina vitabu vya maana au ni nyimbo za dini tu?"

Marahaba kaka. Kwanza kamuombe radhi huyo fundi, manake bila kujua umemtonesha kidonda cha miaka mia na hamsini na ushee. Hayo uliyomwambia wewe kwa utani kuna mwalimu mmoja aliyaandika kabisa kwenye kijitabu mwaka 1870, na ilibaki kidogo tu serikali ya Mwingereza imsikilize. Ntafika huko, usiwe na haraka.

Jibu fupi ni kwamba Kiodia ni lugha kamili, kwenye sensa ya India ya 2011 watu karibu milioni 37.5 walikitaja kuwa ndo lugha yao mama. Kibengali na Kiassam ni ndugu zake wa tumbo moja, wametoka kwenye lugha za kale za mashariki ya India, kwa hiyo sikio lako halikukudanganya, undugu upo. Lakini ndugu sio mtu yuleyule. Mbengali akitaka kusema naenda atasema "ami jacchi", Modia atasema "mu jauchhi", ukisikia harakaharaka unaona ni kitu kimoja, ukikaa nao wiki unaanza kusikia tofauti kila mahali. Kiodia kina L moja ya kukunja ulimi nyuma ambayo Kibengali hakina na Kihindi cha vitabuni hakina. Halafu kuna hili ambalo mimi kama Mswahili lilinifurahisha sana nilipokuwa Bhubaneswar, mji mkuu wa Odisha, nasoma isimu: maneno yao yanapenda kuishia na irabu kama yetu. Nyumba kwa Kihindi ni "ghar", imekatika hapo, Modia anasema "ghara", ile a ya kwao inasikika karibu na o. Duka kwa Kihindi ni "dukan", kwao ni "dokana". Gari ni "gadi", hiyo d ukunje ulimi uione inavyogeuka kuwa r, na laki unayohesabia pesa hapo Muscat ni laki hiyohiyo ya kwao, ilikuja pwani kwetu na wafanyabiashara wa India. Mwambie fundi akuhesabie mpaka laki utamwelewa zaidi ya nusu ya mazungumzo ya pesa.

Sasa hilo la miaka elfu mbili hapo rafiki yako ameongeza chumvi kidogo, na sio yeye tu, hata maprofesa wa kwao wakipandwa na mori wanaongeza. Karibu na Bhubaneswar kuna mwamba unaitwa Dhauli, una maandishi ya mfalme Ashoka ya karne ya 3 kabla ya Kristo, aliyachonga baada ya vita ya Kalinga, na Kalinga ndo hiyo Odisha ya leo kwa sehemu kubwa. Juu yake kuna tembo amechongwa anatokea kwenye jiwe nusu mwili, ukimuona asubuhi na mapema utadhani anatoka kuoga. Upande wa pili wa mji kuna vilima vya Udayagiri na pango la Hathigumpha lenye mistari 17 ya mfalme Kharavela. Vyote viwili vimeandikwa kwa Kiprakriti, lugha ya watu wa kawaida wa zama hizo, sio Kiodia. Ni kama babu wa babu, sura unaiona lakini huwezi kumuita jina la mjukuu. Kiodia chenyewe kinaanza kuonekana kwenye maandishi ya mawe karne ya 10 na 11, na jiwe linalotajwa sana ni la Urajam la mwaka 1051. Kabla ya hapo kuna nyimbo za watawa wa Kibudha zinaitwa Charyapada, Mbengali mmoja msomi, Haraprasad Shastri, alizikuta kwenye maktaba ya mfalme huko Nepal mwaka 1907, na tangu siku hiyo Wabengali wanasema ni zetu, Waodia zetu, Waassam zetu, na watu wa Kimaithili nao hawajakaa kimya. Mi naona wote wana haki kidogo, zilitungwa wakati hao ndugu bado wanalala kitanda kimoja.

Lakini kwamba serikali imeitambua hilo ni kweli tupu. Tarehe 20 Februari 2014 baraza la mawaziri la India liliipa Kiodia hadhi ya lugha ya kale, ikawa ya sita, baada ya Kitamil, Sanskriti, Kikannada, Kitelugu na Kimalayalam. Chekesho ni kwamba Kibengali kilisubiri mpaka Oktoba 2024. Hiyo usimwambie jamaa wa chumba cha pili.

Haya tuje kwenye vitabu, na hapa itabidi nikueleze jani kwanza, manake bila jani huelewi chochote. Waodia waliandika kwa karne nyingi kwenye majani ya mvumo, ule mti wa jamii ya mtende ambao hata pwani kwetu upo. Majani yanachemshwa na manjano ili wadudu wasiyale, yanakaushwa, yanakatwa vipande virefu kama rula. Nilimkalia mzee mmoja pale Raghurajpur, kijiji cha mafundi jirani na mji wa Puri, nikaangalia anavyofanya. Kalamu ni chuma chenye ncha, hakuna wino. Jani analishika mkono wa kushoto, kalamu iko kulia, lakini kinachoisukuma ni dole gumba la kushoto, taratibu, anakwaruza bila kuona anachoandika kwa sababu mkwaruzo na jani rangi ni moja. Akimaliza anachukua masizi na mafuta anapaka jani zima likawa jeusi tii, nikasema ameharibu, akafuta na kitambaa, herufi zikabaki zimejaa weusi kwenye mikwaruzo. Nilitaka kupiga makofi.

Sasa jani la mvumo lina nyuzi zinazokwenda kwa urefu. Ukivuta mstari ulionyooka kufuata uzi jani linapasuka. Ndo maana herufi za Kiodia ni duara tupu. Herufi za Kihindi zinaning'inia kwenye mstari wa juu kama nguo kwenye kamba, Kibengali hivohivo, lakini za Kiodia kila moja imevaa kofia yake ya mviringo. Hao wanaosema lugha ni moja hata karatasi ya dawa hawajaishika. Pale makumbusho ya jimbo Bhubaneswar kuna hati za majani zaidi ya 35,000, zimetobolewa tundu zikafungwa kwa uzi na vibao viwili vya mti, ni moja ya hazina kubwa kabisa za aina hiyo duniani.

Na nani alikuwa anaandika? Hapo ndo penye utamu. India ya zamani elimu ilikuwa Sanskriti, ile lugha ya kale ya dini, na Sanskriti ilikuwa ya Mabrahmini, tabaka la juu la makuhani. Karne ya 15, zama za mfalme Kapilendra Deva, akatokea mkulima wa upande wa Jhankad, mtu wa tabaka la chini, akajiita Sarala Das yaani mtumwa wa mungu wa kike Sarala, akaitunga Mahabharata nzima, ule utenzi mkubwa wa vita wa Wahindu, kwa Kiodia. Sio tafsiri! Mwenyewe anasema hajasoma, kila kitu kapewa na huyo mungu, na kwa kuwa kapewa basi anabadilisha anavyotaka, anaingiza mito ya kwao, vyakula vya kwao, ugomvi wa mashamba. Mistari yake haina urefu sawa, mmoja mfupi mwingine mrefu, inakwenda kama mtu anavyopiga stori kibarazani. Kuna kisa ambacho kwenye Mahabharata ya Sanskriti hukikuti: Arjuna, shujaa wa utenzi huo, yuko mlimani, ghafla anatokewa na mnyama wa ajabu, kichwa cha jogoo, shingo ya tausi, nundu ya ng'ombe, kiuno cha simba, mkia ni nyoka, miguu mmoja wa tembo, mmoja wa chui, mmoja wa farasi. Anavuta upinde amuue. Halafu anaona mguu wa nne sio mguu, ni mkono wa mtu umeshika ua la yungiyungi. Anashusha upinde anapiga magoti, manake ametambua huyo ni mungu Krishna. Huyo mnyama anaitwa Navagunjara, muulize fundi wako atakuwa amemuona kwenye picha tangu mtoto.

Baada ya Sarala wakaja watu watano wanaowaita marafiki watano, karne ya 16, Puri, kwenye hekalu kubwa la mungu Jagannatha. Wawili tu nikusimulie. Jagannatha Das, inasimuliwa mama yake alikuwa anataka kusikia kitabu cha Bhagabata, habari za Krishna, lakini kiko kwenye Sanskriti haelewi kitu, basi mtoto akaanza kumgeuzia kwa Kiodia, mistari ya silabi tisatisa, nyepesi, inakaa mdomoni. Mabrahmini wakachukia wakakiita Bhagabata ya wakamua mafuta, yaani kitabu cha watu wa mashine za ufuta huko. Na kweli wakamua mafuta wakakichukua! Vijiji vikajenga kibanda maalum, Bhagabata tungi, jioni watu wanakusanyika mmoja anasoma wengine wanasikiliza, na watu wengi walijifunza kusoma kwa sababu ya kitabu hicho tu, karne kadhaa kabla shule hazijafika. Nikifikiria tenzi zetu zilivyokuwa zinasomwa majumbani Lamu na Pemba akina mama wanasikiliza naona ni mambo ya dunia ileile.

Mwingine ni Balarama Das. Huyu alitunga Lakshmi Purana, kijitabu kidogo, unakimaliza kwa kikao kimoja, na mi kwangu hicho ndo kitu kikali kuliko vyote vya zamani vya Kiodia. Lakshmi mungu wa utajiri ni mke wa Jagannatha. Alhamisi moja anatoka kutembea mjini anakuta nyumba zote watu wamelala hawajafagia, isipokuwa nyumba ya Shriya, mwanamke wa tabaka la Chandala, wale wasioguswa hata kivuli chao. Shriya amefagia, amepaka uwanja samadi ya ng'ombe, amechora maua kwa unga wa mchele. Lakshmi anaingia kwake. Shemeji yake Balabhadra anasikia anapandisha mashetani, anamwambia mdogo wake mfukuze huyu mkeo, ameingia kwa Chandala anataka kurudi humu hekaluni bila kuoga? Jagannatha anamuogopa kaka, anamfukuza mke. Lakshmi anavua vito vyote anarudisha, anaondoka, na anahakikisha wale ndugu wawili hawapati chakula popote. Hekalu linakauka. Miungu mizima inakuwa ombaomba, nguo chakavu, kila wakigonga mlango wanafukuzwa kama wezi, wanazunguka hivyo miaka 12. Mwisho wanafika nyumba moja ya mwanamke wanaambiwa humu ni kwa Chandala, mtakula? Wanakula. Na ni kwa Lakshmi. Anakubali kurudi kwa sharti moja, kwamba ataingia nyumba ya yeyote anayetaka, na pale Puri Brahmini na Chandala watakula chakula cha hekalu pamoja, mmoja anapokea mkononi mwa mwenzie. Hicho ni kitabu cha miaka 500 kaka. Mpaka leo mwezi wa Margasira, Novemba kuelekea Desemba, kila Alhamisi akina mama wa Odisha wanakisoma majumbani kwa sauti. Mama yake huyo fundi kwa hakika anakijua.

Na kuna Salabega wa karne ya 17. Baba yake Mwislamu, mwanajeshi wa Wamughal, mama Mhindu, na kijana akampenda Jagannatha akamtungia nyimbo ambazo ndo zinapendwa kuliko za Wahindu wenyewe. Hekaluni haruhusiwi kuingia maisha yake yote. Lakini mara moja kwa mwaka Jagannatha anatoka nje kwenye gari kubwa la mbao linalovutwa kwa kamba, na wanasimulia kwamba mwaka mmoja Salabega alichelewa safarini akaomba mungu amsubiri, gari likagoma kusogea mpaka akafika. Kaburi lake lipo kando ya barabara hiyohiyo kubwa ya Puri na gari linasimama hapo kila mwaka mpaka leo.

Umeuliza kama ni nyimbo za dini tu. Kwa hiyo unaona, dini ndiyo, lakini ndani yake wanagombana kuhusu tabaka, mke, chakula, nani aingie nani abaki nje. Halafu karne ya 17 na 18 yakaja mashairi ya ikulu ambayo ni mapenzi matupu na mbwembwe za lugha. Bingwa ni Upendra Bhanja, mtoto wa ukoo wa kifalme wa Ghumusar. Huyu ana utenzi mrefu wa Rama na Sita, Baidehisha Bilasa, ambao kila mstari unaanza na herufi ba. Kila mstari! Dinakrushna Das naye anao wa ka. Waodia wenyewe wanamuita Bhanja mfalme wa washairi, mi nikisema ukweli nachoka naye ukurasa wa tatu, ni kama kuangalia mtu anakimbia na glasi tano kichwani, unashangilia lakini hujui anaenda wapi. Ila ukisikia unaimbwa, manake kila sehemu ina mahadhi yake, unasamehe.

Sasa kidonda. Mwingereza aliichukua pwani ya Odisha mwaka 1803 kutoka kwa Wamaratha, watawala waliotoka magharibi ya India, na kwa kadiri alivyokuwa anaongeza maeneo watu wa Kiodia wakajikuta wamegawanywa pande tatu: pwani chini ya Bengal, kusini yaani Ganjam chini ya Madras, magharibi yaani Sambalpur wakaishia chini ya majimbo ya kati. Kila upande ofisi ina lugha ya mwenyeji mkubwa, Kibengali huku, Kitelugu kule, Kihindi pale. Makarani na walimu wa pwani wengi walikuwa Wabengali kwa sababu Calcutta, mji mkuu wa Bengal, ndo ilikuwa na shule za kwanza. Mwaka 1866 ikapiga njaa ambayo hawajaisahau, iliua watu kama milioni moja, theluthi ya watu wa eneo lile, mchele ungeweza kuletwa lakini serikali ilijivuta mpaka masika yakafunga bandari. Mwaka huohuo mji wa Cuttack wakaanzisha gazeti la Utkala Dipika, Gourishankar Ray ndo mhariri, mtu anakufa njaa na hana hata pa kulalamikia kwa lugha yake, gazeti likawa mdomo.

Ndo hapo yule mwalimu, Kantichandra Bhattacharya, anafundisha shule ya serikali mji wa Balasore, anaandika kijitabu cha Kibengali kusema Kiodia si lugha ya kujitegemea. Msomi mkubwa wa Calcutta, Rajendralal Mitra, naye alishasema kwamba Waodia ni wachache mno, hawawezi kubeba soko la vitabu vya shule vya peke yao, bora wasome Kibengali. Umeliona hilo neno soko? Hawa watu hawakukaa wakalinganisha vitenzi, ilikuwa ni suala la nani ataajiriwa ualimu na kitabu cha nani kitauzwa. Na walikuwa na hoja moja ngumu, kwamba vitabu vya shule vya Kiodia vilikuwa haba kweli.

Aliyewajibu kwa vitendo ni Fakir Mohan Senapati, na huyu ukimkumbuka mmoja tu kwenye jibu langu lote basi awe yeye. Alizaliwa 1843 hapohapo Balasore, wazazi wakafa akiwa mdogo sana, akalelewa na bibi yake. Alikuwa mgonjwamgonjwa, jina lake Braja Mohan, bibi akaomba kwa mapir, yaani mawalii wa Kiislamu, kwamba akipona atawapa mtoto awe fakiri wao. Akapona, bibi moyo ukamgoma kumtoa, basi wakapatana na pir kiakili: mtoto akaitwa Fakir Mohan, na kila Muharram anavalishwa nguo za ufakiri anatembeza bakuli mitaani siku nane. Utotoni amefanya kazi bandarini upande wa washona matanga, Balasore ilikuwa bandari ya chumvi na majahazi. Shule kaisoma kidogo tu, mengine kajifundisha. Mwaka 1868 yeye na wenzake wakachanga hela wakaleta mtambo wa kuchapa Balasore, watu wakawa wanatoka vijijini kuja kuushangaa. Akakaa chini na wenzake wakaanza kuandika hivyo vitabu vya shule vinavyosemwa havipo, yeye historia na hesabu, Radhanath Ray na Madhusudan Rao mashairi na masomo ya watoto. Mkuu wa wilaya pale alikuwa Mwingereza John Beames, mtu wa isimu, akasimama upande wao, na kwenye kitabu chake cha sarufi linganishi akaandika kwamba Kiodia kilikuwa kimeshatulia kama lugha wakati Kibengali bado hakijakuwepo. Hapo Beames naye alizidisha, lakini kipindi kile mzidishaji wa upande wako unamshukuru tu. Kiodia kikabaki mashuleni.

Halafu huyo Fakir Mohan, ameshastaafu, ana miaka zaidi ya hamsini, ndo anaanza kuandika hadithi. Riwaya yake Chha Mana Atha Guntha ilianza kutoka kwa vipande kwenye jarida mwaka 1897, jina lake ni kipimo tu cha shamba, kama mtu aite riwaya "Ekari Sita na Theluthi". Tajiri mkopesha riba anaitwa Mangaraj anawapokonya wafumaji wawili, mume na mke, kishamba chao. Msimulizi anaongea kama mpambe wa tajiri, anamsifia tu, anakuambia bwana huyu ni mcha mungu, siku ya kufunga hali kitu, isipokuwa maziwa kidogo na ndizi kidogo, na asubuhi jungu ni tupu. Kila sifa ni kofi. Inasimuliwa kesi ya Mangaraj ilipofika kwenye toleo la jarida kuna watu walifunga safari kwenda mahakamani Cuttack kumuona anavyohukumiwa. Na alichotumia ni lugha ya gengeni na ya mashambani, sio ile ya kunyoosha shingo, Kiodia cha nathari kikapata mwili siku hiyo.

1898 akaandika hadithi fupi ya Rebati, binti wa kijijini anayetaka kusoma. Baba anakubali, bibi anaona ni mkosi. Kinakuja kipindupindu, wanakufa mmojammoja, na bibi anamlaumu mtoto kwa ajili ya hicho kitabu, anapiga kelele nyumbani peke yao wawili: "Lo Rebati, lo Rebi, lo nian, lo chuli." We Rebati, we Rebi, we moto, we jiko la kuteketeza. Waodia wanaijua hiyo sentensi kama wewe unavyojua methali.

Vita haikuishia pwani. Sambalpur mwaka 1895 serikali ikaamuru Kiodia kitoke ofisini kiingie Kihindi, na Gangadhar Meher, mfumaji wa Barpali ambaye shule ya kijijini aliishia madarasa machache, akaandika shairi la lugha inayolia. Walipigana mpaka 1903 kikarudishwa. Mwaka huohuo wakili Madhusudan Das akaanzisha mkutano wa Utkala kuwaunganisha Waodia wa pande zote tatu, na tarehe 1 Aprili 1936 wakapata jimbo lao, la kwanza India kukatwa kwa kufuata lugha, miaka 17 kabla ya jimbo la Andhra la Watelugu. Wakati huohuo wakili mwingine wa Cuttack, Gopal Chandra Praharaj, anakusanya kamusi, mijaladi saba kati ya 1931 na 1940, maneno kama 185,000, na maana kaziweka kwa Kiodia, Kibengali, Kihindi na Kiingereza. Hapo kamjibu Kantichandra kwa Kibengali chake.

Ya sasa nipite haraka. Tuzo ya Jnanpith, ambayo ndo kubwa ya waandishi India, Waodia wameichukua mara nne: Gopinath Mohanty, Sachidananda Routray, Sitakant Mahapatra na Pratibha Ray, huyu wa mwisho kwa mwaka 2011. Mohanty alikuwa ofisa wa serikali kwenye milima ya kusini, akaandika Paraja mwaka 1945, mzee Sukru Jani na wanawe wanaingia utumwa wa deni kwa sahukari, yaani mkopesha riba, na mwisho wanamkata na shoka. Pratibha Ray riwaya yake Yajnaseni ni Mahabharata inayosimuliwa na Draupadi mwenyewe, mke wa waume watano.

Kuna jambo moja fundi wako hatakuambia, na mi nisipolisema ntakuwa sijakutendea haki. Huko magharibi, Sambalpur hiyohiyo iliyopigania Kiodia, leo kuna watu wengi wanasema wanachoongea ni lugha yake yenyewe, Kikosali, wanataka itambuliwe kwenye katiba, na jibu wanalopewa na Waodia wa pwani ni kwamba hiyo ni lahaja tu. Nilishawahi kuwauliza wenzangu wawili mezani, mmoja wa Cuttack mmoja wa Bargarh, chai ikapoa pale.

Sasa namna ya kumtuliza. Kendrapara ni wilaya ya baharini, na watu wa pwani ya Odisha zamani walikuwa wanakwenda na majahazi hadi Java na Bali kwa upepo wa msimu. Mwezi mpevu wa Kartika, huwa Oktoba au Novemba, alfajiri wanatengeneza viboti vya magome ya mgomba, wanaweka taa ndani wanavielesha majini na kuimba "Aa ka ma bai, pana gua thoi". Hayo ya mwanzo inaelezwa ni vifupi vya majina ya miezi ya safari. Na "pana gua" ni tambuu na popoo, zimewekwa ndani ya kiboti. Tafuta mgomba wowote hapo Muscat, mchukue kabla ya jua mwende ufukweni Mutrah, umwambie mwalimu kasema uniimbie.